Seli za uvimbe wa kizazi zinakataa kufa

Makala hii tunayoitolea maoni imeeleza vizuri kwamba faibroidi, yaani uvimbe unaoota kwenye msuli wa kizazi, hukua kwa sababu seli zinagawanyika kupita kiasi, lakini imeacha nusu ya habari. Seli za kawaida zina muda wake: zikichakaa au zisipohitajika tena, hujiua zenyewe kwa mpangilio, kinachoitwa apoptosisi. Ndani ya faibroidi mpangilio huo umelegea. Protini ya Bcl-2, ambayo huzuia seli isijiue, imeonekana kuwa nyingi humo kuliko katika msuli wa kizazi ulio jirani, na projesteroni, mojawapo ya homoni za kike, ndiyo inayoiongeza. Ndiyo maana mifepristoni, dawa inayozuia kazi ya projesteroni, huweza kusinyaza uvimbe. Kwa hiyo tusiitupie lawama estrojeni, homoni nyingine ya kike, peke yake, kama watu wengi walivyozoea.

Dada yangu alipofanyiwa upasuaji, tulionyeshwa uvimbe wake umekatwa katikati. Ulikuwa mweupe, mgumu kama mpira, nyuzi zimejiviringa. Ugumu ule ni kolajeni, protini ya nyuzi ngumu inayoshikilia seli pamoja, na hapa naomba mwandishi aongeze jambo: hata seli zikifa, kolajeni haiondoki mara moja. Mgonjwa anaweza kutumia dawa na bado tumbo likabaki na uzito.

Jingine, faibroidi si saratani, jamani. Nimesoma maoni ya wengine hapa wanaoiita saratani nikaumia, maana najua hofu tuliyoishi nayo nyumbani kabla ya kuelezwa hivyo. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi aende apimwe, asikae na hofu hiyo peke yake.