Jaji wa Dodoma na neno "ilitenguliwa"

Juzi nilikaa Nyerere Square, hapa Dodoma, na vijana wawili wanaochangia Wikipedia ya Kiswahili. Walikuwa wanabishania wasifu wa Jaji James Mwalusanya. Mmoja alikuwa ameandika aya nzima kuhusu hukumu zake. Mwenzake aliifuta yote kwenye simu, akabakiza sentensi moja: "Hukumu yake dhidi ya adhabu ya kifo ilitenguliwa na Mahakama ya Rufani."

Aliyefuta ana hoja. Hukumu ni ya Mahakama, si mali ya aliyeiandika. Mchangiaji naye hana mamlaka ya kufungua jalada na kujiamulia ni kesi ipi kubwa. Na maneno ya mtaani juu ya familia au marafiki wa jaji yasiingie kabisa, maana jaji hajazoea kusimama hadharani kujitetea. Kwa hayo niko upande wake.

Ila ile sentensi moja nimeshindwa kuikubali. Ni ya kweli, na bado inapotosha.

Mwaka 1994, Mahakama Kuu hapahapa Dodoma, Mwalusanya alikataa kuwahukumu kunyongwa wanaume wawili waliotiwa hatiani kwa mauaji. Aliwapa kifungo cha maisha, akisema adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba. Mwaka uliofuata Rufani ikatengua. Msomaji akiishia hapo ataamini jaji alikosea mwanzo hadi mwisho. Lakini Rufani yenyewe ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inatweza utu! Walipoachana ni kwenye ibara ya 30(2), inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma: yeye aliona haiwezi kuiokoa adhabu ya kifo, Rufani ikaona inaiokoa. Kwa hiyo sehemu nzito ya hoja yake ilibaki imesimama. Mwaka huohuo wa 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipofuta adhabu ya kifo kwao, ilizipitia hukumu hizi za Tanzania. Yote hayo yamefunikwa na neno moja, "ilitenguliwa".

Kuhusu vyanzo, wanazuoni wa sheria walishaandika sana juu ya hukumu hizi, pamoja na ile aliyoitoa Mwanza mwaka 1990, kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanaume. Kikwazo ni lugha. Hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, na maandiko mengi yanayozichambua ni ya Kiingereza pia. Binti wa Bahi au Mpwapwa anayegombea shamba la marehemu baba yake hawezi kuyafikia. Kijana anayemwekea aya tano za Kiswahili, zenye uamuzi wa Dodoma na wa Rufani bega kwa bega, hajajitungia lolote wala hajampamba jaji.

Walikubaliana aya irudi, sehemu ya Rufani iandikwe kwa urefu uleule wa sehemu ya Mahakama Kuu. Kilichobaki ni majina ya wale wanaume wawili. Yamo kwenye jina la kesi, kila mwanasheria anayajua. Mimi niliomba yasiandikwe ndani ya aya, kwa sababu wasifu ni wa jaji, na wao huenda wana watoto wanaosoma.