Mwezi Mpevu Unasingiziwa Mangapi?

Mwezi ukikaribia kujaa, mwalo wa Katonga hapa Kigoma unabadilika sura. Mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinatandazwa zizibwe matundu, na vijana ambao kwa kawaida huwaoni jioni wamekaa chini ya mwembe wakicheza bao. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Dagaa wanaufuata mwanga, wanajikusanya karibu na mtumbwi, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima lina mwanga na taa ya mvuvi haiwavuti tena. Basi kwa siku kadhaa kila mwezi watu wanalala nyumbani wakisubiri giza. Dagaa wanakuwa adimu sokoni, bei inapanda, na akina mama waanikaji wanakosa cha kuanika.

Ni siku hizohizo ambapo utasikia watu wakisema mbalamwezi imewapandisha watu wazimu. Kilabuni wamepigana, mume na mke wamefukuzana usiku wa manane, kijana aliyekuwa ametulia ameanza kusema peke yake njiani. Nimekulia Ujiji na maneno haya nimeyasikia tangu utoto. Siyadharau, kwa sababu waliokuwa wakiyasema walikuwa watu wa kutazama anga kila usiku kwa ajili ya riziki yao.

Wala imani hii si ya kwetu peke yetu. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 17, yumo baba anayemleta mwanawe kwa Yesu. Biblia yetu inasema mtoto ana kifafa. Neno la Kigiriki lililotumika pale limetokana na jina la mwezi, kana kwamba kusema mtoto "ameshikwa na mwezi". Kwa hiyo kuuhusisha mwezi na maradhi ya kichwa ni fikra ya miaka elfu mbili na zaidi.

Hoja inayosikika sana kuitetea ni ya maji. Mwezi unavuta bahari, mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo mwezi unatuvuta na sisi. Daktari wa Marekani, Arnold Lieber, aliitangaza sana miaka ya 1970 baada ya kupitia takwimu za mauaji ya eneo la Miami. Inaingia akilini haraka, lakini haisimami, na mtu wa pwani angeiangusha kwa neno moja: bamvua, yaani siku ambazo maji ya bahari yanajaa na kupwa kupita kawaida. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapojaa. Kama ni mvuto wa maji unaotupandisha wazimu, basi usiku wa giza wa mwezi mwandamo ungekuwa na vurugu sawa na usiku wa mbalamwezi, na huku kwetu sijasikia anayesema hivyo. Sisi wa Kigoma tuna ushahidi mwingine mbele ya macho. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 600 na kina kinachokaribia kilomita moja na nusu, na bado hatuoni maji yakijaa na kupwa kama Dar es Salaam. Mwezi usioweza kulisogeza ziwa hili hata jicho likaona, utayasogeza vipi maji yaliyomo kichwani mwa mtu?

Takwimu nazo zimepitiwa. Mwaka 1985 wanasaikolojia James Rotton na Ivan Kelly walikusanya tafiti 37 zilizohusu mwezi na mambo kama mauaji, wagonjwa wa akili na simu za dharura. Walikuta mchango wa mwezi hauzidi asilimia 1 ya tofauti zilizoonekana, na baadhi ya tafiti zilizodai kuona kitu zilikuwa zimesahau mambo madogo kama siku za wiki. Mwezi mpevu ukiangukia Jumamosi mara nyingi ndani ya kipindi unachokichunguza, utahesabu ulevi wa Jumamosi na kuuandika kwa jina la mwezi.

Ningeishia hapo kama nisingesoma habari za usingizi. Mwaka 2013 watafiti wa Basel, Uswisi, walirudia kumbukumbu za watu 33 waliokuwa wamelala maabara, mahali ambapo mwezi hauonekani. Karibu na mwezi mpevu watu hao walichelewa kusinzia kwa dakika kama 5 na usingizi wao ulipungua kwa dakika 20 hivi. Mwaka uliofuata watafiti wengine walitazama watu 470 na hawakuona kitu. Hapo mtu ana haki ya kusitasita. Lakini mwaka 2021 ukaja utafiti ninaouona una uzito zaidi, wa jamii za Watoba wa kaskazini mwa Argentina, baadhi wakiishi bila umeme kabisa. Walivalishwa saa za kupima usingizi, ikaonekana kwamba siku 3 hadi 5 kabla ya mwezi kujaa walichelewa kulala na walilala muda mfupi zaidi. Siku hizo mwezi tayari uko juu jua linapozama, kwa hiyo jioni inarefuka na watu wanaendelea na mambo yao. Cha kushangaza, wanafunzi wa Seattle wenye taa kila kona nao walionyesha dalili kama hizo. Na tunajua kukosa usingizi kunavyoweza kumyumbisha mtu ambaye akili yake tayari ni dhaifu. Njia hii ya mwezi kutugusa naikubali iwezekane, japo ni nyembamba.

Nchini kwetu kuna mfano mzito kuliko huo. Mtafiti Craig Packer na wenzake walipitia karibu mashambulizi 500 ya simba dhidi ya wanavijiji wa Tanzania kati ya mwaka 1988 na 2009. Hatari ilikuwa kubwa katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo wa usiku. Baada ya kujaa, mwezi huchelewa kuchomoza kwa karibu dakika 50 kila siku, hivyo giza linaingia watu wakiwa bado njiani, na simba ambao hawakuwinda vizuri kwenye mbalamwezi wana njaa. Wazee waliouogopa mwezi mpevu walikuwa na sababu, ila iliyoua ni ile nafasi ya giza inayoufuata.

Hapo ndipo narudi Katonga. Mwezi unabadilisha tabia za watu wa mwaloni, sina shaka. Unawarudisha nyumbani wanaume ambao kwa wiki mbili tatu usiku wao ulikuwa ziwani. Kuna aliyerudi na mgawo wa fedha, akaupeleka kilabuni. Kuna asiye na senti, mkewe anadai ya unga. Ugomvi ukizuka nani atashangaa? Ujiji, misikitini, mwezi uleule unafanya kazi nyingine: Waislamu wengi hufunga sunna tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, zile siku nyeupe, na nyumba zao usiku huo zinatulia. Natamani mtu achukue daftari la zahanati ya hapa alilinganishe na la Tabora. Mwezi ni mmoja, ila mkulima wa tumbaku hasubiri giza ili afanye kazi. Majeraha ya ugomvi yakiongezeka kote kuwili, nitakubali ni mwezi. Yakiongezeka Kigoma tu, tutajua ni kazi.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya mtoto wa mama yangu mdogo, mwenye kifafa. Kwa miaka mingi tulisema ni mwezi, tukawa tunamfungia ndani mbalamwezi ikianza, na siku nyingine tulilegeza dawa kwa kuwa mwezi ulikuwa bado mchanga. Muuguzi mmoja alimpa mama mdogo kalenda ya ukutani na kumwambia, "Mama, kila akianguka weka alama ya msalaba, na siku ambayo hakumeza dawa weka nukta." Baada ya miezi sita tuliikalisha mezani tukahesabu pamoja. Misalaba ilikuwa 9. Miwili iliangukia karibu na mwezi mpevu. Sita ilikuwa imefuata nukta.