Kizibo na kizibao

Naona hadithi imeshawafikia. Yule rafiki yangu, ambaye siku yenyewe alipiga mayowe kuishinda mashine, kawatumia ujumbe wa sauti wa dakika 4 kwamba "jamaa kazamisha boti". Kwanza kabisa, boti haikuzama. Ina povu chini ya mabenchi, hata uiombee dua mbaya haizami. Ilijaa maji tu. Ni vitu viwili tofauti, na nitalitetea hilo mpaka siku ya kuzikwa kwangu.

Pili, hakuwaambia nilivyoihangaikia wiki 2 nzima.

Wenye boti za alumini za ribiti, zile pini za chuma zinazoshikanisha mabati yake, mnajua. Mawimbi yanaigonga, trela inaitikisa, ribiti zinalegea, maji yanaanza kupenya na hujui yanapopitia. Dawa yake ni kuyageuza mambo: boti inabaki juu ya trela, maji unayamimina NDANI, halafu unaingia chini na tochi kuona yanapotokea. Msijaze, jamani. Lita 1 ni kilo 1, na trela haikutengenezwa kubeba bwawa. Mimi niliweka kina cha kiganja, nikalala chali na chaki ya nta, matone yananiingia machoni, kila ribiti inayolia naizungushia duara. Zilikuwa 11. Tukazigonga upya zote, yeye kashikilia chuma kizito ndani, mimi na nyundo nje, mpaka majirani wakaacha kuniitikia salamu. Juu yake nikapaka gundi ya kuzibia. Nikamimina maji tena: chini kukavu. Nikawawekea picha, mkanimwagia makopakopa. Naomba msiyafute.

Kisha nikafungua kizibo cha tezini, kile cha tundu la kutolea maji nyuma ya boti, ili maji yatoke, nikakitia kwenye mfuko wa kizibao changu cha kuvulia. Nikafunga na zipu. KUSUDI kisipotee.

Someni tena hapo, mimi nawasubiri.

Kesho yake alfajiri tukaishusha. Mashine ikawaka kwa mvuto wa kwanza, nikaondoka kwa kasi kama niliyeitwa. Na hapa ndipo boti iliponidanganya, kwa sababu ikiwa mbioni, tundu la tezini haliingizi maji, linayanyonya kuyatoa. Kwa hiyo sakafu ilikuwa safi. Nikazunguka mara 2 mbele ya gati, palipokuwa na watu, nikapapasa sakafu kwa kiganja na kumwambia rafiki yangu, "Gusa. Gusa mwenyewe. Kavu." Akagusa. Akakubali kwamba mimi ni fundi.

Nikazima mashine karibu na magugu, tukatupa mishipi.

Sasa twende polepole.

Sanduku langu la ndoano likanipitia mguuni. Sikulisukuma mimi. Lilijiendea lenyewe, taratibu, kama mzee anayetoka msikitini, likanigusa kifundo, likaomba radhi, likaelekea tezini. Nikalitazama linavyokwenda. Akilini nikasema, ribiti. Ipo moja imenisaliti.

Nikapiga magoti majini, nikaanza kuzipapasa moja baada ya nyingine. Ya kwanza, nzima. Ya pili, nzima.

"Kaka, maji yanapanda."

"Tulia, natafuta."

Ya tano. Kila nikiinama kuna kitu kinanichoma kifuani. Nikakisogeza, nikaendelea. Ya sita. Kinachoma tena. Nikakisogeza upande wa pili, nimeudhika kwelikweli, mtu niko kazini. Ya saba. Kikanichoma mara ya tatu, na hapo mkono ukabaki umeganda juu ya ribiti.

Nikanyamaza. Nikafungua zipu. Zipu ile ina kelele, sikuwahi kujua.

Rafiki yangu akakitazama, akanitazama.

"Hicho nini?"

"Kizibo."

"Cha nini?"

Niliwaza kusema cha chupa.

Bado tulikuwa na nafasi ya kujiokoa. Kuwasha mashine na kukimbia tu kungetosha, maji yangenyonywa yatoke. Mimi nikakimbilia tezini na kizibo mkononi. Na yeye, kwa hamu ya kushuhudia (kwenye ile sauti yake anasema "kusaidia"), akanifuata. Watu wazima wawili, mashine na tangi la mafuta, wote nyuma. Tezi ikainama kwa adabu zake zote, na maji yakaacha kuhangaika na tundu, yakapita juu.

Nilipiga kelele ambayo sitaiandika hapa. Niko na jaketi la kuokolea, nimekumbatia ndoo, miguu inapiga maji, mara nasikia sauti ya mtoto kutoka gatini:

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, simama."

Nikasimama. Maji yalinifika kiunoni.

Yaliyobaki ni mafupi. Kizibo nilikifunga palepale chini ya maji, kikakaza vizuri ajabu, ikawa sasa maji hayaingii wala hayatoki. Tukaivuta kwa kamba, watu 6, watano wanacheka. Mashine ilikunywa maji, tukatoa plagi, ikatema, ikabadilishwa mafuta, leo ina afya kunishinda. Samaki, msiniulize.

Ila kuna kitu hakimo kwenye ule ujumbe wa sauti. Tezi ilipofika kwenye trela, boti imejaa mpaka mabenchini, ilibidi nikifungue kizibo palepale kabla ekseli haijapinda. Maji yakawa yanamwagika, watu wanapiga picha. Nami nikaomba tochi, nikalala chali chini yake, nguo zilizolowa na zote, nikazikagua.

Ribiti zote 11. Hata tone!