Pikapu Yangu Ina Hali Yake ya Hewa

Mwenzenu nina pikapu ya mwaka 1996, kabini moja, niliinunua kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mtu, na humo ndani hakuna tofauti kati ya AC na hita. Kuna kijiti cha kusogeza, huku bluu huku nyekundu. Ukipeleka bluu joto. Ukipeleka nyekundu joto. Ukikiacha katikati ukasema basi tupatane, joto. Feni nayo ina namba nne, moja kimya, mbili kimya, tatu kimya, ukigusa nne inanguruma kama mashine ya kukoboa na vumbi lote la Urambo la mwaka juzi linakujia usoni.

Sasa hii ni Tabora na ni Oktoba. Maembe yananing'inia, mvua inatuahidi tu, Isevya nzima watu wanakaa barazani na kanga shingoni, na mimi ndo nimejifungia kwenye kisanduku cha bati kinachonipulizia moto miguuni. Kuna siku nilishuka sokoni mtu akanipa pole ya msiba kwa jinsi uso ulivyolowa.

Nikaenda kwa fundi. Fundi hakufungua hata boneti, akasema gesi hiyo. Elfu 60. Akajaza, ikapuliza ubaridi kidogo pale pale gereji injini ikiwa bado baridi, nikashukuru, nikapeana naye mkono, nilipofika Kiloleni nikawa naungua. Nikarudi. Akasema gesi imeisha tena. Elfu 60. Mara ya tatu nikamuuliza hivi fundi hii gesi inaenda wapi, akasema gari za zamani zinakula gesi. Zinakula! Na mimi nikaamini maana mimi ni mtu mzima mwenye elimu yangu, nikaona sawa, kama jiko la mtungi vile, ukipika maharage inaisha. Kumbe gesi ya AC haichomwi popote, inazunguka tu humo humo kwenye mabomba yaliyofungwa, kompresa inaisukuma inaenda inarudi, ikipungua maana yake kuna pahala panavuja na kazi ya fundi ni kutafuta panapovuja siyo kunijazia kama ndoo. Hayo nimeyajua baada ya laki na themanini kuondoka.

Wa pili akawa na hoja nyingine, eti labda gari yangu inataka gesi ya kizamani ile R12. Ndugu yangu, dunia ilishakaa Montreal kule Kanada tangu 1987 ikakubaliana kuanza kupunguza gesi za namna hiyo kwa sababu zinakula tabaka la ozoni, huyu bwana ananiambia ana mtu anaweza kumpatia kopo moja. Nikaangalia kibandiko chini ya boneti, kimeandikwa R134a, ile gesi iliyokuja badala ya R12, herufi kubwa kabisa. Nikamuaga.

Basi ningeendelea hivyo hivyo na vioo chini, ila mama mkwe alikuja Tabora kumwona mjukuu na wiki tatu zikaisha ikabidi arudi Kasulu. Mke wangu akasema si una pikapu, mpeleke mama, utarudi na maharage uuze. Mtu anayetoa wazo kama hilo ni mtu ambaye hatakaa humo ndani. Kabini moja! Mimi na mama mkwe bega kwa bega, kilometa zote zile, mimi ambaye kwetu nikipishana na mama mkwe njiani natakiwa nitafute kichaka. Nimejibana mlangoni mpaka kitasa kimeniachia alama.

Na vioo hakutaka vishushwe, ana kifua, vumbi linamsumbua. Haya. Nikawasha AC, yaani hita, namba nne. Mpaka Kaliua hajasema neno, anajipepea tu na kadi ya kliniki ya mjukuu. Tulipoipita Usinge akasema kwa upole sana, "Baba, asali inamwagika."

Nilikuwa nimeweka dumu la asali ya Sikonge miguuni kwake, zawadi ya baba mkwe. Naangalia chini kweli, kapeti limelowa, kandambili zake zinaogelea. Kabla sijasema kitu mama kashachovya kidole, kalamba. Akanyamaza. Akachovya tena.

"Baba, hii asali yenu mbona haina utamu?"

Nikasimamisha gari Nguruka, kwenye kibanda cha kuziba pancha, maana gereji sikuiona na aibu ilikuwa imenizidi. Hapo kuna dogo, sijui kama ana miaka 20, kakaa juu ya tairi anakula muhogo. Nikamweleza yote, gesi, joto, asali. Badala ya kwenda kwenye gari akamfuata mama mkwe. "Shikamoo mama. Hayo maji uliyoyalamba yalikuwa na utamu?" Mama akasema hapana baba, maji tu. Dogo akasema shukuru Mungu, yangekuwa matamu ingekuwa kulanti ya rejeta, yale maji ya kupoza injini, inavuja kutoka kwenye kirejeta kidogo cha hita, na ile ni sumu. Nikahisi miguu inaisha nguvu. Nilikuwa nusura nifike Kasulu kueleza.

Halafu akanigeukia akasema neno ambalo mpaka leo linaniuma, "Bro, AC yako nzima. Haya maji ndo ushahidi." Eti hewa ikipita kwenye kirejeta cha baridi unyevu unaganda matone kama kwenye chupa ya soda, yale maji yana kimpira chake cha kuyatoa chini ya gari, changu kimeziba na vumbi ndo maana yanarudi kwa abiria. Kwa hiyo baridi ipo. Inatengenezwa vizuri kabisa, halafu kabla haijanifikia inapitishwa kwenye hita inachemshwa upya.

Akafungua boneti. "Weka bluu. Sasa gusa hii mipira miwili inayoingia kabini." Nikagusa, nikaachia haraka, yote miwili ya moto. Akasema kwenye bluu koki ya hita inatakiwa ifunge maji ya injini yasipite huko, angalau mpira wa kurudi upoe. Akaniambia sogeza kijiti, nikasogeza bluu nyekundu bluu nyekundu kama mtu anayepiga kinanda, koki haitikisiki. Waya wake umechomoka kwenye kishikizo. Kishikizo cha plastiki! Kidogo kuliko kucha! Laki na themanini, mafundi wawili, kumbe kijiti changu kilikuwa hakijashika kitu, nilikuwa nasogeza mapambo.

Kishikizo hana, hapo ni pancha. Akaifunga koki kwa mkono, akaikaza na waya wa kufungia mabati. Kile kimpira cha maji akakipuliza na mashine ya kujazia upepo, likatoka tope na kitu ambacho nadhani kilikuwa nyigu. Feni akasema hiyo ni resista, ipo nyuma ya droo ya abiria, ndiyo inayopunguza spidi ya moja, mbili na tatu, ikiungua inabaki nne tu kwa sababu nne haipiti kwake, umeme unaenda moja kwa moja. Spea hana. Elfu 5. Nilimpa 10 nikamwachia na maembe.

Ubaridi uliotoka humo sijawahi kuuona. Tumevuka daraja la Malagarasi nasikia meno yanagongana, na feni ni ile ile namba nne, hakuna kupunguza. Mama kajifunika kanga mbili. Tulipoipita Uvinza jua limeshuka, wingu limejaa, akasema baba, nasikia baridi. Nikasogeza kijiti nyekundu. Nikakumbuka kijiti hakijashika kitu na koki imefungwa na waya.

Nikasimama, nikafungua boneti, nikatoa plaizi, nikalegeza waya, nikafungua koki. Kilometa kumi, baba, sasa joto. Nikashuka. Kidogo tena, baba, samahani, baridi. Nikashuka. Kufika Kidahwe tunaingia barabara ya Kasulu nilikuwa nimebadilisha kipupwe na kiangazi mara tatu, mikono grisi, vidole vimeungua, mvua imeanza kudondoka.

Mara ya nne hakusema kitu. Nimesimama nichimbe dawa kidogo, narudi, nakuta boneti iko wazi na mama mkwe kajifunga kanga kiunoni, tochi ya simu mdomoni, plaizi yangu mkononi. Nikasema mama jamani, lete. Akatoa simu mdomoni akasema, "Wewe baba kapumzike, mimi nataka ya katikati." Na plaizi ningeichukuaje, mkono wa mkwe haushikwi, nikabaki nimesimama namshikia boneti.