Shule ya Tabora: urithi wa watoto wa machifu au mali ya taifa?

Kila mjadala wa kuzibakiza au kuzifuta shule za vipaji maalumu, yaani sekondari za serikali zinazochukua wanafunzi waliofaulu zaidi, unapozuka nchini Tanzania, Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora hutajwa na pande zote mbili. Watetezi huitaja kwa sababu ya Mwalimu Nyerere, na wapinzani kwa sababu ya asili yake. Naona wote huisoma historia hiyo kwa haraka.

Waingereza waliianzisha shule hiyo katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikijenga utawala wa kupitia machifu, mfumo ulioimarishwa na Gavana Donald Cameron aliyewasili mwaka 1925. Utawala huo ulihitaji machifu wanaojua kusoma, kutunza hesabu za hazina na kuendesha baraza. Kwa hiyo watoto wao ndio waliolengwa kwanza, wakawekwa bwenini chini ya viranja, kwa nidhamu iliyoigwa kutoka shule za matajiri wa Uingereza. Anayesema kwamba ilizaliwa kwa ajili ya wachache anasema kweli.

Hata hivyo, shule haikubaki ilivyokusudiwa, kwa kuwa serikali ilihitaji pia makarani na walimu, na watoto wa machifu peke yao wasingetosha. Nyerere, aliyesoma hapo kuanzia 1937 hadi 1942, alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, na Abdallah Fundikira, aliyesoma hapo pia, alikuja kuwa chifu wa Unyanyembe. Lakini mwanafunzi mwingine wa hapo, Rashidi Kawawa, Waziri Mkuu wa mwaka 1962, alikuwa mtoto wa mwindaji wa tembo. Wasifu wa Nyerere husimulia jinsi alivyopinga upendeleo wa viranja, waliokuwa wakipewa chakula maradufu ya wenzao. Katika mabweni hayo vijana wa makabila yaliyokuwa mbali kabisa walikula, walisoma na kubishana pamoja, na hapo ndipo naiona sehemu kubwa ya thamani ya Tabora.

Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Miaka minne baadaye, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alieleza kwamba ni asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi waliopata nafasi ya sekondari, akaonya juu ya elimu inayowafanya wachache wajione bora kuliko wazazi wao wakulima. Uchujaji haukukoma, hata hivyo, na hadi leo Tabora, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Msalato hupokea wanaofaulu zaidi.

Watetezi husema kwamba bila shule hizi, mtoto wa mkulima mwenye akili nyingi hangepata maabara na walimu bora, maana ada za shule binafsi hazilipiki kwa fedha za pamba wala tumbaku. Hoja hiyo ina uzito. Wapinzani hujibu kwamba shule za kata, yaani sekondari za serikali zilizojengwa katika kata, zilizoongezeka sana tangu mwaka 2004, zinapungukiwa na walimu wa sayansi, na kila anayeondolewa huko kwa kufaulu huziacha dhaifu zaidi.

Kwangu mimi, tatizo kubwa liko mlangoni. Mtihani wa darasa la saba hupima kipaji, lakini hupima pia shule ambako mtoto alisoma. Aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza huwa ametangulia, hasa kwa kuwa sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Tukichagua kwa alama tupu, nafasi zilizotengwa kwa watoto wa machifu zitaanza kuwaendea watoto wa wenye ada. Ningependa kuona bweni la Tabora likibaki, na nafasi zake zigawiwe kwa halmashauri zote, ili mwanafunzi bora wa wilaya maskini ashindane na wenzake wa wilaya yake.