Mchana wa Dubu, Usiku wa Mawingu

Kila ikifika Septemba, kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Winnipeg, Kanada, huanza kuzunguka matangazo ya safari za Churchill. Siku chache tu: mchana dubu weupe, usiku mianga ya kaskazini. Picha huwa ni ileile: dubu amesimama kwenye theluji, na juu yake anga limewaka kijani kama pazia la ukumbi wa harusi. Watu huniuliza kwa sababu wanajua nilikwenda. Jibu langu ni refu kuliko wanavyopenda, kwa hiyo naliandika hapa.

Nendeni. Ila msinunue ile picha.

Churchill ipo kwenye Ghuba ya Hudson, kaskazini kabisa mwa Manitoba, jimbo letu. Barabara ya kufika huko hakuna. Unapanda ndege kwa saa mbili na kitu, au unapanda treni inayokwenda kilomita 1,700 na kulala njiani siku mbili, kwa sababu reli imepita juu ya ardhi ya majimaji inayoganda na kuyeyuka, dereva hawezi kukimbia. Wakazi hawafiki 900. Mimi mtu wa Tanga, niliyezoea kwamba bahari ni ya kuogelea na kuvua, nilishuka pale mwanzoni mwa Novemba nikakuta bahari ambayo mji mzima unaingoja igande.

Wanaoingoja zaidi ni dubu. Ghuba ya Hudson huyeyuka yote kila kiangazi. Dubu mweupe huwinda sili, mnyama wa baharini, juu ya barafu, na barafu ikiisha hana tena mahali pa kuwindia. Anapanda nchi kavu, anafunga. Kuanzia Julai hadi Novemba anaishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini, akipungua karibu kilo moja kwa siku. Jike mwenye mimba anaweza kukaa miezi minane bila kula. Vuli ikifika wanasogea upande wa Churchill, kwa sababu pale mto unamwaga maji matamu ghubani, na maji matamu huganda kabla ya maji ya chumvi. Barafu ya kwanza itaanzia hapo, nao wanalijua hilo.

Sasa njoo kwenye mianga. Jua hutema chembe zenye chaji ya umeme, sumaku ya dunia inazielekeza upande wa ncha, zinagonga hewa ya juu, na oksijeni iliyo zaidi ya kilomita 100 juu yetu inatoa ule mwanga wa kijani. Churchill imekaa chini kabisa ya ukanda ambako hayo hutokea. Ndiyo maana mianga iko juu pale karibu kila usiku wa mwaka. Kinachosumbua ni mawingu. Mwanzoni mwa Novemba ghuba haijaganda, maji yana joto kuliko hewa iliyo juu yake, mvuke unapanda, mbingu inafungwa. Ghuba ikishaganda mvuke unakatika, na kuanzia Januari hadi Machi anga huwa safi mno, lakini dubu wameshaondoka zamani, wako mbali huko juu ya barafu.

Kwa maneno mengine, maji yaleyale yanayomzuia dubu ufukweni ndiyo yanayokuzuia wewe kuona mianga. Anayekuuzia vyote viwili kwa uhakika katika siku nne za Novemba anajua hili au anapaswa kulijua. Wakala aliyeniuzia mimi, simtaji, alitumia neno hilohilo: uhakika. Nilikuwa nimeweka akiba miaka miwili. Ni maelfu ya dola, na kwa mtu anayefanya kazi za zamu hospitalini, maelfu ya dola ni usiku mwingi.

Usiku wa kwanza mawingu. Wa pili mawingu na theluji ya upepo. Tulikuwa tunakaa na nguo zote mwilini, viatu mlangoni, tukingoja kugongewa. Wa tatu sikuvua hata kofia, na hakuna aliyegonga. Nilimtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti. Yeye ni dereva wa watalii Arusha, miaka kumi na moja sasa anapeleka wageni Serengeti. Nililalamika. Akanijibu: "Dada, mgeni hatumwahidi simba. Tunamwahidi kuamka saa kumi na moja na dereva anayejua njia. Simba ni majaliwa." Nilikasirika kidogo, nikalala. Asubuhi nikaona alichokisema ndicho hasa nilichokuwa nakipata mchana, bila kukihesabu.

Maana mchana ulikuwa umejaa. Mnapanda gari refu la tundra, yaani nyika ya baridi isiyo na miti, lenye magurudumu yanayomfika mtu mzima kifuani, ndani kuna hita, nyuma kuna kibaraza cha kusimama. Sakafu ya kibaraza hicho ni wavu wa chuma. Siku ya pili dume mmoja alitoka kwenye vichaka vya mierebi alikokuwa amelala, akaja kwa mwendo wa mtu asiye na haraka na kazi yake. Muongozaji akasema kwa sauti ya chini, tusisogee, tusiongee. Dubu akapita chini ya gari. Nikainama kuangalia, na pale kati ya buti zangu mbili, chini ya wavu, kulikuwa na pua nyeusi, kubwa kama ngumi yangu, inanusa. Akapumua. Mvuke wake ukapanda kupitia wavu ukanigusa magotini. Niliona nyusi zake zina vipande vya barafu. Niliona kovu juu ya pua, la zamani, lisilo na manyoya. Alikaa hivyo labda nusu dakika, kisha akaenda zake kutafuna mwani mkavu ufukweni, mnyama wa kilo mia nne na zaidi anatafuna mwani kwa sababu hana kingine.

Nusu dakika ile ndiyo safari yangu. Ningerudi Winnipeg siku hiyohiyo nisingedai hela yangu.

Na ndiyo maana namkatalia mtu anayeweka mianga mbele. Ukiiweka mbele, mchana unaupitisha kwa kusinzia, unamtazama dubu huku unafikiria utabiri wa usiku. Kwenye gari letu walikuwemo watu wa namna hiyo, wanafungua simu kila dakika kuangalia kipimo cha dhoruba za jua. Pale Churchill kipimo hicho hata hakina kazi kubwa, nguvu ya wastani inatosha. Angalieni ramani ya mawingu, basi, kisha mfumbue macho kwa kilicho mbele yenu. Tuliona mbweha weupe wawili wakifukua theluji. Tuliona kwale wa kule, ambao majira ya baridi hugeuka weupe mpaka ubaki unaona jicho tu.

Jingine ni muongozaji. Tafuteni safari inayoongozwa na mtu anayeishi pale. Wetu alikuwa mama wa Kimétis, watu wenye asili ya wenyeji wa Kanada na Wazungu, aliyezaliwa na kukulia hapo. Usiku wa mawingu alitukalisha akatueleza mji. Kwamba watu wengi hawafungi milango ya magari yao kwa ufunguo, ili mwenye kukutana na dubu barabarani apate pa kuingilia. Kwamba tarehe 31 Oktoba, watoto wanapozunguka nyumba kwa nyumba kuomba peremende, maafisa wa wanyamapori hulinda doria kuuzunguka mji. Kwamba dubu anayezoea kuingia mjini hukamatwa na kuwekwa kwenye jengo maalumu, anapewa maji bila chakula asije akajifunza kwamba kwa binadamu kuna mlo, halafu anarushwa mbali kwa helikopta.

Akatupeleka pia mahali panapoitwa Dene Village. Mwaka 1956 serikali iliwapakia Wadene wa Sayisi, wenyeji wa asili wa kaskazini, kwenye ndege kutoka Duck Lake, ikiwalaumu kwamba wanamaliza karibuu, wale kulungu wa kaskazini, ikawashusha pembezoni mwa Churchill bila riziki yao ya kuwinda. Hadi walipoondoka kwenda Tadoule Lake mwaka 1973, karibu theluthi yao walikuwa wamekufa. Serikali iliomba radhi mwaka 2016. Mimi nimetoka nchi ambayo Wamasai walihamishwa Serengeti mwaka 1959 kwa jina la wanyama haohao tunaowauzia wageni, na nilisimama pale kwenye upepo nikashindwa kupiga picha. Safari ya wanyama isiyokupitisha mahali kama hapo ni pungufu, hata ungeona dubu hamsini.

Usiku wa nne tuligongewa saa saba. Nilitoka nje, nyuzi 18 chini ya sifuri, nikaona wingu refu jembamba. Nikasema moyoni, ndiyo yaleyale. Mama akaniambia nitazame vizuri: nyota zilikuwa zinaonekana kupitia lile wingu. Wingu la kweli huficha nyota. Kwa jicho langu lilikuwa na rangi ya majivu, kijani kwa mbali sana, ilhali kwenye kamera ya jirani yangu lilikuwa kijani kibichi. Likaanza kutembea, likakunjwa ncha, likakunjuka. Kama dakika ishirini, mawingu yakarudi.

Katikati ya hizo dakika nilitaka kumwita mwenzangu aliyekuwa upande wa pili, nikakaza midomo nipige mluzi. Mama akaniinulia mkono haraka. Usipige mluzi, akasema, itashuka ikuchukue. Watu wengi wa kaskazini wana mwiko huo. Bibi yangu Tanga alikuwa ananikataza vilevile, ukipiga mluzi usiku unaita nyoka. Nilimeza mluzi wangu.

Mkiniuliza basi niende lini, nawajibu hivi. Anayetaka mianga tu aende Februari au Machi, asiseme habari za dubu. Anayetaka dubu wengi aende mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, usiku aachie Mungu. Anayetaka vyote kwa siku chache aangalie nusu ya pili ya Agosti: usiku umeanza kuwa na giza la kutosha, dubu wameshapanda ufukweni wamelala kwenye majani, na ukiwahi unawakuta mtoni nyangumi weupe wanaoitwa beluga, wanaofika kwa maelfu kila kiangazi. Hakuna theluji kwenye picha, na ndiyo maana matangazo hayaipendi Agosti. Msikae chini ya usiku nne.

Na msikawie miaka mingi. Hesabu ya dubu wa magharibi mwa ghuba ile ilikuwa 842 mwaka 2016, na 618 mwaka 2021. Siku zisizo na barafu zimeongezeka kwa wiki kadhaa tangu miaka ya 1980, na kila wiki ya nyongeza ni kilo nyingine saba zinazotoka kwa yule niliyemwona anatafuna mwani.

Wiki tatu baada ya kurudi, nikiwa zamu ya usiku, simu ilitikisika mfukoni. Ni yule mama. Ghuba imeshika, aliandika, wameondoka wote tangu juzi. Akaambatanisha picha aliyoipiga mlangoni kwake: theluji tupu isiyo na nyayo, na anga lote la kijani.