Taifa Zima Linahesabu, Mimi Navunja

Watu wengi wakitaka kujifunza Kiebrania wanaogopa zile herufi, zinatoka kulia kwenda kushoto, irabu hakuna, nyingine zinafanana mpaka unasugua macho. Herufi wala sio shida, ukikomaa nazo unazimaliza. Shida ni vitenzi, tena kuna kaukoo kamoja ka vitenzi kama mapacha waliovalishwa sare. Lishmor ni kulinda. Lishbor ni kuvunja. Lispor ni kuhesabu. Halafu lisgor kufunga, ligmor kumaliza, limkor kuuza, lizkor kukumbuka, lakhzor kurudi. Sasa visome vyote haraka haraka, halafu chukulia umetumiwa kimoja wapo kwenye voisi ya WhatsApp na mtu aliye juu ya trekta, upepo wa jangwa unapuliza, na wewe hata chai hujanywa.

Hiyo ilikuwa Israel, bonde la Arava kule kusini, ile njia ya kushuka Eilat kwa barabara namba 90. Mvua ya mwaka mzima kule ni kama milimita 30 hivi, yaani kwetu hiyo inanyesha jioni moja watu wakiwa wanasubiri daladala. Na hapo hapo jamaa wanalima pilipili hoho za kupeleka Ulaya, kwa maji ya visima yenye chumvi chumvi, yanadondoka tone tone kwenye mipira. Nilikuwa kwenye mafunzo ya kilimo, siku nyingine darasani, siku nyingi shambani, mimi na Mkenya mmoja wa Meru, Wanepali, na Wathai ambao ndio wenyeji wa yale mashamba kuliko hata wenye mashamba.

Mwanzoni nilijiamini vibaya sana. Pilipili wanaita pilpel. Sabuni ni sabon, sukari sukar, damu ni dam. Saba ni sheva, tisa ni tesha, mia ni mea, elfu ni elef. Nikasema hii lugha mbona ni yetu, hawa wametuibia au sisi ndio tumewaibia (baadaye nikaelewa mambo ya Kiarabu hapo katikati), nikapiga simu nyumbani nikawaambia Krismasi nitakuwa nahubiri.

Masomo yangu nilikuwa nayapata YouTube kwa dada mmoja anafundisha vizuri, taratibu, anatabasamu. Nikakariri kila anachosema. Ani rotza mayim, nataka maji. Ani ayefa, nimechoka. Nikawa nazunguka nazo shambani, na kila nikisema nimechoka Wathai wanaangushana kwa kicheko, mimi najua wanacheka uvivu wangu. Kumbe kule kitenzi kina jinsia bana. Mwanaume anasema ani rotze, ani ayef. Mimi mwanaume mzima na ndevu zangu nilikuwa naongea kama shangazi yao. Kiswahili kinatusitiri sana, yeye ni yeye tu, kachoka ni kachoka, hakuna anayekuuliza.

Sawa, hilo likapita. Ila sasa mimi ni Mjaluo wa Rorya, na anayewajua Wajaluo anajua sh kwetu ni mgeni. Shamba ni samba, sule inafunguliwa Jumatatu, sangazi anakusalimia. Kichwani sh ninayo kabisa, naiona hii hapa, ila ikitoka inafika mdomoni imeshakuwa s. Na mnakumbuka kile kisa cha Waamuzi sura ya 12, Waefraimu 42,000 walivyouawa kwenye vivuko vya Yordani kwa sababu wakiambiwa waseme Shibolethi wanasema Sibolethi. Sande skuli nilikuwa nakicheka. Nilikuwa sijui nacheka ukoo. Yule mzee Eliezer Ben-Yehuda aliyehamia Yerusalemu 1881 na kuihangaikia hii lugha irudi kuongelewa majumbani, mpaka mwanawe akalelewa haruhusiwi kusikia lugha nyingine, mimi namheshimu sana, ila pale kwenye s na sh angetufikiria kidogo na sisi watu wa Ziwa Victoria.

Haya, mwezi wa tano. Msimu wa hoho unaisha, na Wayahudi wako kwenye kuhesabu Omeri. Kuanzia usiku wa pili wa Pasaka wanahesabu kila jioni siku moja, mpaka 49, halafu ndio sikukuu ya Shavuot. Ile siku ya 33 inaitwa Lag BaOmer, na usiku wa kuiingia watoto wanawasha moto mkubwa kila kona, kwa hiyo wiki nzima kabla ya hapo hakuna mbao iliyo salama. Ukiacha stuli nje umeiaga.

Mzee mwenye shamba ana wajukuu, na wiki hiyo hiyo alikuwa ametuma tuwavunjie milango mibovu na kitanda cha zamani. Siku hiyo ndio nilijifunza lishbor, nikiwa na nyundo mkononi, neno likanikaa. Huyu mzee mwenyewe hataki kuitwa bosi, anataka umwite jina lake, sasa mimi nitamwitaje kwa jina mtu wa rika la baba yangu? Nikauliza baba wanasemaje, wakasema aba. Nikawa namwita Aba, yeye ananiita akhi, ndugu yangu. Baba na ndugu yangu, ukoo umevurugika lakini kazi inaenda.

Asubuhi ya ule mkesha wa Lag BaOmer voisi inaingia. Trekta linanguruma, upepo, katikati nasikia "akhi, boker tov", habari za asubuhi, kisha maneno, kisha "mishtakhim", paleti hizo, kisha "leyad ha-makhsan", pembeni ya stoo. Na mbele ya paleti kuna kitenzi. Tis-kitu-or. Nikairudia voisi, nikairudia tena simu nimeibandika sikioni. Tishbor. Vunja. Si ndio tulichokuwa tunafanya wiki nzima?

Msiseme mimi mjinga, nilihakikisha. Nikamtumia voisi: "Lisbor?" Yaani nimekusudia lishbor kwa moyo wangu wote, sh imeanguka njiani kama kawaida. Yeye akajibu, "Ken, ken, lispor!" Ndiyo, ndiyo. Bado nikasita, maana paleti zenyewe nilikuwa naziona, nyingi, na sio mbovu. Nikauliza, "Hakol?" Zote? Akacheka kabisa, "Betakh! Hakol, ad ha-akharon." Ndio maana yake, zote, mpaka ya mwisho.

Sasa hapo mngefanyaje?

Paleti kuivunja sio mchezo jamani. Zile za kubebea mizigo ya kusafirisha zinapigiliwa misumari yenye meno meno, ukiivuta inalia kama mbuzi halafu haitoki. Nikatafuta mtaimbo na nyundo nzito, nikavua shati nikalifunga kichwani, nikaanza. Unaingiza mtaimbo chini ya ubao, unakandamiza kwa uzito wako wote, ubao unapasuka paa, unahamia wa pili. Mbao zenyewe bado nyeupe, zinanukia, nyingine zina mhuri mpya kabisa. Yule Mmeru akapita kuchukua glovu akasimama. "Kwani hizi si mpya?" Nikamwambia Aba kasema. "Zote?" Nikamjibu kwa Kiebrania safi, ad ha-akharon. Akatingisha kichwa, "Hawa watu wako na pesa," akaenda zake.

Na mimi kwa kuwa nimelelewa vizuri, msumari situpi. Kila uliotoka nikaunyoosha juu ya jiwe nikatia kwenye ndoo. Paleti zilikuwa ngapi sijui, kuhesabu ndio kitu pekee ambacho siku ile sikufanya.

Watoto wa shule wakatoka. Wa kwanza akaja na baiskeli, akaona lile lundo, akapiga filimbi ya vidole. Dakika chache wamejaa, wana toroli, wana kigari cha kuvuta, mwingine kaja na kitanda cha mtoto cha magurudumu. Wanabeba wanaimba toda, toda, toda, asante hizo. Mmoja akanipiga begani akasema "ata melekh!", yaani wewe ni mfalme. Tangu nifike nchi ile sijawahi kupendwa vile. Nikawasaidia kupakia.

Saa tisa alasiri Aba anarudi, na nyuma yake lori. Ninajua la nini? Nikadhani limekuja kuchukua hoho za mwisho. Aba anashuka kafurahi, ananiuliza vipi, na mimi nimesimama pale jasho linatiririka, nataka sifa zangu, nikatamka sentensi yangu ya kwanza ya wakati uliopita bila kuchungulia popote: "Aba, savarti hakol!" Nimevunja zote. Kwa mdomo wa Rorya lakini. Yeye akasikia safarti hakol, nimehesabu zote.

"Yofi!" akasema, safi. Akatoa kalamu na karatasi ya dereva. "Kama yesh?"

Hilo kama nalijua, kama kwao ni ngapi. Ngapi zipo? Nikaona ni swali la ajabu ila nikajibu ukweli.

"Efes." Sifuri.

Akacheka. Dereva akacheka. Nikacheka na mimi. Aba akarudia, lo, yaani hapana, kweli, kama? Nikarudia, efes, Aba, na kwa kuwa naona haamini nikamshika mkono tukazunguka nyuma ya stoo, nikamwonyesha. Chini pamefagiwa. Pembeni kuna ndoo moja ya misumari iliyonyooshwa.

Akachukua msumari mmoja akauangalia. "Rega," akasema. "Rega, rega, rega." Vile vidole vyao vitatu vikajikusanya, ule mkono wao wa subiri kwanza, ila safari hii nadhani alikuwa anauonyesha moyo wake. Zile paleti kumbe ni za watu, za kampuni inayopokea mzigo, zilikuwa zirudishwe siku hiyo kwa hesabu.

Ikabidi voisi zichezwe. Wathai wakaja, Mmeru akaja na glovu zake, dereva akazima lori ili asikie vizuri. "Lisbor?" sauti yangu. "Ken, ken, lispor!" sauti yake. Ikachezwa tena. Aba akaniambia sema kuvunja. Nikasema lisbor. Sema kuhesabu. Lispor. Akaniangalia muda, halafu kwa upole kabisa akasema, "Akhi, tagid shibolet."

Mimi Biblia naijua. Nikajua huu ndio ule mto wenyewe.

"Sibolet," nikasema.

Dereva aliketi chini kwenye mchanga, nakwambia mtu mzima na kitambi chake, anapigapiga mapaja. Aba alijizuia, akashindwa, machozi yakamtoka. Jioni alimpigia jirani akaazima paleti, yaliyobaki ya pesa wakamalizana wao watu wazima, mimi hakunikata. Ila akapiga marufuku voisi, kuanzia kesho yake kila kazi anaandika. Wazo zuri, isipokuwa wakiandika hawaweki irabu, na s-f-r hiyo hiyo unaweza kuisoma kitabu, kinyozi, alihesabu au alisimulia. Siku aliyonitumia hiyo nilikaa na simu muda mrefu kabla sijamfuata shambani akaninyooshee vidole.

Usiku wa ile Lag BaOmer tulienda wote kwenye moto wa watoto. Nimeona mioto mimi, lakini ule ulikuwa unachoma nyusi kutoka mbali, mbao za kusafirisha hoho Ulaya zinawaka vizuri sana. Tukapewa viazi vilivyofungwa foili vikachimbiwa kwenye makaa, Aba kakaa kwenye kiti upande wa pili kimya, anatazama mali za watu. Mjukuu wake mmoja akaja akanikumbatia mguu akaniuliza kama mwakani nitakuwepo.

Nikafungua mdomo niseme ken. Kutoka ng'ambo ya moto nikasikia, "Lo! Lo, lo, lo!"